Nyuma ya Zizi la Mbuzi

Kwako dada yangu mpenzi,

Nakusalimu nikiwa na afya, ila miguu yangu imechanika hadi ningeona haya kuvaa ndala mbele yako. Nawe natumaini hujambo. Mgongo unaendeleaje? Na lile jicho la kushoto, bado linatoa machozi ukitunga uzi? Vaa miwani, dada. Usiniambie tena kwamba miwani ni ya vikongwe, maana mtu anayelilenga tundu la sindano mara saba na kulipata mara moja ameshaingia chama chao, amebakiza kupewa kadi tu. Wasalimie majirani wote, hasa yule mama muuza mkaa anayekuletea umbea pamoja na mkaa. Mwambie namkumbuka.

Barua yako ilinifikia wiki tatu zilizopita. Aliileta dereva wa lori la maji, imekunjwakunjwa mfukoni mwake mpaka ikashika harufu ya dizeli. Najua umeshanisema kwamba nimekula jibu. Simu, kama nilivyokueleza, hapa kambini inashika juu ya kichuguu kimoja tu, na juu ya hicho kichuguu kuna foleni ya watu wenye wachumba. Lakini tusidanganyane. Haya niliyo nayo nisingeyasema kwenye simu hata kama kichuguu kingekuwa kando ya kitanda changu. Kama uko kibandani na una mteja, mmalize kwanza. Kisha kaa. Nitaanzia mbali, unanijua, mimi nikiulizwa saa ngapi huanza kueleza saa ilivyonunuliwa.

Nilipokuandikia mwaka jana kwamba nimeingia mafunzo ya kusoma nyayo na alama za wanyama, ulicheka ukasema shule yote ile imeishia kutembea nimeinama kama mtu aliyekatikiwa na shanga. Hukukosea. Ndivyo tunavyotembea, watu sita, mstari mmoja, kimya, shingo zinauma. Mwalimu wetu ni mwanamke wa makamo tunayemwita Bi Rula, kwa sababu hatoki nje bila rula ya plastiki aliyoichomeka kwenye soksi. Hapendi mtu aseme anafikiri. Siku ya kwanza alituambia kwamba ukisema simba kumbe ni mbwa utatukimbiza bure, na ukisema mbwa kumbe ni simba hutapata nafasi ya kujisahihisha. Kila jibu analipokea kwa swali moja tu, umeona nini. Hataki kujua umedhani nini.

Nilijifunza polepole na kwa aibu nyingi. Nilijifunza kwamba nyayo husomwa vizuri asubuhi jua likiwa bado chini, na kwamba ukae mahali ambapo unyayo uko kati yako na jua, ndipo kivuli kidogo kinapoingia ndani ya alama na kuionyesha. Ikifika saa sita mchana, kwenye ardhi ileile huoni kitu. Nilijifunza kuhesabu vidole, kupima urefu na upana, kutazama kama kucha zimegusa chini. Mbwa na fisi hutembea na kucha nje, zinachoma mchanga mbele ya kila kidole. Paka na jamaa zake wakubwa huzificha, na unyayo wao ni wa mviringo, laini, kama mtu amebonyeza unga kwa vidole vinne. Duma peke yake ndiye anayeivunjia heshima ile familia kwa kutembea na kucha nje. Nilijua pia kwamba mavi ya fisi yakikauka huwa meupe kama chokaa kwa ajili ya mifupa anayotafuna, na kwamba nungunungu akipita miiba yake huchora mistari myembamba nyuma yake.

Mwezi wa kwanza niliwahi kuwaita wenzangu kwa kelele kwamba nimepata unyayo usio na vidole. Nikapima, nikachora, nikaeleza kwa kirefu kwamba huenda ni mtoto wa tembo aliyeumia. Bi Rula alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nipige goti mahali nilipokuwa nimepiga mwanzo. Goti likaingia sawasawa. Tuna mwenzetu mmoja aliyekuwa mpishi wa hoteli kabla ya kuja huku, na mpaka leo tukikutana huniuliza goti langu hali yake.

Lakini lililonishinda zaidi lilikuwa kujua umri wa unyayo. Bi Rula alituamuru kila mmoja abonyeze ngumi yake mchangani nje ya hema, kisha aitazame kila saa kwa siku tatu. Ni kazi ya kijinga mpaka uifanye. Saa za mwanzo kingo zina makali, chembe za mchanga bado zina unyevu. Jioni kingo zinaanza kuporomoka. Kesho yake unakuta mdudu amepita juu, ameacha mshono wake mdogo, na umande umetoboa vitundu. Siku ya tatu ni shimo tu, huwezi kuapa kwamba liliwahi kuwa ngumi ya mtu. Nilikaa mbele ya ile ngumi yangu nikasikia huzuni ambayo sikuijua inatoka wapi. Nilidhani ni upweke wa kambi.

Sasa nifike. Miezi minane iliyopita, asubuhi, tuliitwa kwenye nyumba moja ya wafugaji iliyo mpakani mwa hifadhi. Mbuzi wao mmoja alikuwa ametoweka. Tulipofika tulikuta uwanja umejaa masufuria na mabeseni yaliyofunikwa kifudifudi, kama kuna mtu anauza vyombo. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama katikati, mikono kiunoni, hajaruhusu mtu apite, hata kuku amewafungia. Alikuwa ameamka, akaona alama chini, akazifunika moja moja kwa kila chombo alichokuwa nacho, mpaka birika la chai. Mumewe alikuwa pembeni amekasirika. Alishaamua kwamba aliyeiba ni jirani yao, waliyekuwa wamegombana naye kwa ajili ya kisima, na panga lilikuwa limeegemea ukuta karibu naye. Alitueleza kwamba komeo la zizi lilikuwa mahali pake, halikuguswa, na kwamba ni mtu tu anayeweza kufungua mlango, akatoa mbuzi, akarudisha komeo. Mkewe alimwambia mbele yetu kwamba yeye ana macho mawili na hasira moja, na leo atangoja watu wenye macho.

Bi Rula alituagiza tusome kila mmoja peke yake, tusiambiane. Nikainua beseni la kwanza. Dada, ulikuwa unyayo wa mviringo, vidole vinne, hauna kucha hata moja. Nikainua la pili, la tatu. Kando ya nyayo kulikuwa na mfereji mdogo, mpana kiasi cha kiganja, wa kitu kilichoburutwa. Ulielekea nyuma ya zizi, pale ambapo kwa kawaida hakuna anayepita, na kwenye fito za juu kabisa za ukuta yalikuwa yamenasa manyoya meupe ya mbuzi. Damu haikuwepo, maana chui hukaba koo. Alikuwa ameruka na mbuzi mdomoni juu ya ukuta unaonizidi kimo, wala komeo hakuwa na shida nalo.

Niliandika jibu langu bila kukosea, la kwanza tangu nianze mafunzo. Kisha nikaketi palepale chini. Bi Rula akaniuliza kama ni jua. Nikasema ni jua, na jua lilikuwa halijafika hata kwenye paa.

Walifuata ule mfereji wakamkuta mbuzi ametundikwa kwenye panda ya mti, mwendo wa dakika kumi. Bi Rula alimchukua yule mume kwa mkono akampeleka mpaka chini ya mti akamwonyesha. Yule mzee alicheka sana, kisha akafunika uso kwa kofia. Mchana uleule alikwenda kwa jirani yake. Nilimwona akienda, mikono mitupu, panga kaliacha.

Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale, dada, ingawa mwili ulikuwepo. Nilikuwa nyumbani kwetu, nina miaka tisa.

Unaijua siku ile kuliko mimi, na hupendi itajwe. Nivumilie, maana kuna kipande chake hukukiona. Ilikuwa siku ya Randa kuja na mama yake na mjomba wake kukuposa. Wewe ulikuwa umeamka alfajiri kupika, umefunga nywele kwa kitambaa ili moshi usizipate. Mama alikuwa ameshatutoka miaka minne, na sikuwahi kukuona ukiimba mpaka wiki ile. Mimi nilimpenda Randa karibu kukushinda. Alikuwa seremala mwenye vumbi la mbao hata kwenye kope, na kila alipokuja kutengeneza kitu alinipa maranda yaliyojikunja nijivike kama vipuli. Lile komeo la zizi ni yeye aliyelitengeneza, la mbao, lenye ujanja wake wa kuinua kisha kusukuma, na Baba alijisifia nalo kwa watu.

Kufagia uwanja wa mbele ilikuwa kazi yako, na ulishaufagia jana yake jioni. Mimi nilitaka nifanye langu, jambo ambalo hukunituma, ili wageni wakija waone nyumba yetu haina hata kona moja chafu. Nilichukua ufagio wa njiti kabla jua halijatoka, nikaenda nyuma ya zizi, pale ambapo hapajawahi kufagiwa na mtu tangu zizi lijengwe. Nilitaka hata pale pawe pazuri kwa ajili yako.

Pale chini kulikuwa na alama, dada. Niliziona. Zilikuwa za mviringo, na kando yake mfereji, kama mtu aliyeburuta gunia. Nilisimama nikaweka kiganja changu juu ya moja, ikajaa. Nikasema moyoni kwamba yule mbwa wa jirani amekuja tena kutuchafulia, ingawa mbwa yule alikuwa na kucha ndefu zilizogonga sakafu akitembea, na zile alama hazikuwa na kucha. Sikujua kwamba hilo lina maana. Nikafagia. Nilifagia vizuri, nikachora mistari ya ufagio iliyonyooka kama ulivyonifundisha, na manyoya meupe niliyoyakuta ukutani niliyatoa nikayatupa kwenye taka. Kisha nikarudi kitandani nikajifunika, nikingoja mchana uone mwenyewe unisifu.

Baba akakuta yule mbuzi wake mweupe hayupo. Komeo liko mahali pake. Akazunguka nyuma akakuta pamefagiwa. Unakumbuka sauti yake. Wageni walikuwa ndio kwanza wanaingia, mama yake Randa na lile gauni lake la buluu, mjomba amevua kofia, Randa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono imesimama. Baba aliwapeleka wote nyuma ya zizi. Akakuuliza wewe mbele yao kama umefagia pale. Ukasema hapana, na ulisema kweli. Akasema basi aliyefagia hapa ndiye aliyemchukua mbuzi, kafuta nyayo zake, na mwenye kujua komeo hili ni mmoja tu. Walikumbuka kwamba jana yake jioni Randa alipita kukuletea kile kisanduku cha nyuzi. Na hakuna aliyemtaja chui, kwa sababu chui sehemu zetu walikuwa wameisha tangu enzi za babu, au ndivyo tulivyoamini.

Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la maji. Nilikuwa mtoto ambaye nyumba nzima iliniita Chiriku kwa kusema, nasema hata usingizini, na siku ile sikufungua mdomo. Nilisikia kwamba aliyefagia ni mwizi, na mimi ndiye niliyefagia. Kwa akili yangu ya miaka tisa nilielewa kwamba nikisema, mimi ndiye nitakayefukuzwa. Nilimwona Randa akikutazama. Nilikuona ukitazama chini. Kisha ukaingia ndani, ukatoka na kile kisanduku, ukakiweka mbele ya miguu yake. Mama yake ndiye aliyekiokota.

Jioni nilitaka kusema, ukawa unalia. Kesho yake nikataka kusema, Baba akawa hajala. Baada ya wiki siri ilikuwa imeshakuwa kubwa kuliko mimi. Wewe uliyenilea unajua kwamba mwaka ule nilikojoa kitandani mpaka msimu wa mvua, ukadhani ni kumlilia Mama.

Miaka ikapita nikajiambia lile neno ambalo watu wazima hujiambia. Nilijiambia kwamba kama nilifuta alama, nilifuta alama za mwizi, basi mwizi alikuwepo, na mwizi ni Randa kama kila mtu anavyosema. Nikaamini. Ulipowakataa wale wawili waliokuja baadaye, nikaamini kwamba ni kwa sababu hukutaka kudanganywa tena. Baba alipokuwa kitandani pake pa mwisho akakwambia alikuokoa na mtu mbaya, nami nilikuwepo, nikaitikia kwa kichwa. Nakuapia, mpaka siku ya yale mabeseni sikujua. Nilipoinua lile la kwanza niliona kiganja changu cha utotoni juu ya mchanga. Alikuwa chui. Randa hakuchukua mbuzi wetu. Hakuchukua chochote kwetu.

Natamani barua iishie hapa, kwa sababu mpaka hapa mwenye kosa ni mtoto, na mtoto husamehewa. Haiishii hapa.

Wiki mbili baada ya yale mabeseni nilipata barua yako ya mwezi wa pili. Unakumbuka uliniandikia nini? Kwamba Randa amerudi kwa mama yake baada ya miaka yote hiyo, kifua kimemharibika kwa vumbi la mbao, amekonda, anapita mbele ya kibanda chako kila asubuhi akiota jua na anatazama upande wa pili wa barabara. Nilikuwa najua tayari. Ningeweza kupanda lile lori la maji siku ileile. Ningeweza kupanda kichuguu na kusema maneno matatu. Nilichukua karatasi nikaanza kuandika, nikachana. Nikajiambia nimalize mtihani kwanza. Nikafaulu mtihani, alama hamsini za wanyama zilizozungushiwa mstari ardhini kwa kijiti, nikakosea mbili tu, ukanipongeza. Nikajiambia nisubiri nipangiwe kituo. Kisha nikajiambia mvua ziishe, barabara ni mbovu. Nilikuwa na sababu kama duka lilivyo na bidhaa.

Ikaja barua ya mwezi wa tano. Uliandika kwamba aliingia kibandani kwako na suruali mkononi, akaomba umpunguzie kiuno kwa kuwa zote zinamvuka, na kwamba alisema hakuna fundi mwingine anayemwamini. Ukamwambia cherehani ni mbovu. Ukaniandikia kwamba alisimama kidogo akaitazama cherehani, na mguu wako ulikuwa juu ya kanyagio, na nguo ya mteja iko chini ya sindano. Akakushukuru akaondoka. Uliiandika kama kichekesho, dada, lakini mwandiko ulitetemeka. Mimi nasoma alama. Niliisoma ile barua mara nyingi, nikaikunja nikaiweka ndani ya daftari langu la nyayo, na bado sikuandika.

Unataka kujua kwa nini, na ni haki yako. Niliogopa kukupoteza. Sina mama, sina baba, nina wewe. Nilifikiri kwamba wewe umeshazoea maumivu ya kudanganywa na mwizi, yamekwisha kuwa sugu, lakini haya mapya, ya kujua kwamba mtu uliyemrudishia kisanduku hakuwa na kosa, na kwamba aliyekunyang'anya ni mimi, uliyenibeba mgongoni kwenda kliniki, haya yangekuondoa kwangu. Nikachagua nafsi yangu. Randa alikuwa anakufa hatua mia mbili kutoka kwako, anangoja jambo moja tu duniani, nami nilikuwa nalo, nikalifungia kwenye daftari.

Ndipo ikaja hii ya mwisho, yenye harufu ya dizeli. Umeniambia amefariki. Umeniambia walipopita na jeneza mbele ya kibanda ulifunga dirisha, ukakaa gizani mpaka miguu ikaisha kupita, ukajiambia afadhali hukuolewa na mwizi. Nimekaa na hiyo sentensi wiki tatu. Sikulala, na siwezi kukudanganya kwamba nimekula. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa na nilimwogopa Baba. Mara ya pili nina miaka thelathini na moja na hapakuwa na mtu wa kuogopa. Ya kwanza unaweza ukanisamehe. Ya pili sikuombi.

Sikutaka tena kungoja kitu chochote. Jana nilimweleza Bi Rula yote, nilidhani atanipa neno la kunifariji. Aliniuliza tu ni nani mwingine anayepaswa kujua. Nikamwambia mama yake Randa bado yuko hai, katika nyumba ileile, na kwamba tangu siku ile hatusalimiani naye, na kwamba hununua uzi mtaa wa pili ili asipite kwako. Akaandika ruhusa yangu ya siku saba hapohapo, akaniambia niondoke na lori la Ijumaa.

Kwa hiyo nakuja, dada. Barua hii inatangulia kwa makusudi, ili usije ukasikia kwa mtu wala usinione usoni kabla ya kujua. Jumamosi mchana nitakuwa mtaani. Sitaanzia kwako. Nitaanzia kwa mama yake Randa, nitasimama mlangoni pake wakiwepo majirani, maana jina la mtoto wake lilichafuliwa mbele za watu na haliwezi kusafishwa chumbani. Nitamwambia ni mimi niliyefagia. Akitaka kunipiga anipige. Akitaka nirudie kila siku mpaka mtaa mzima usikie, nitarudia. Baada ya hapo nitakuja kwako.

Kama unaweza, usingoje nifike. Yule mama ni mzee, na ana mahali amemzika mwanawe ambapo wewe hupajui. Nenda ukamwombe akuonyeshe. Sina haki ya kukutuma, lakini najua ulikuwa umeweka mguu juu ya kanyagio na ulitaka kuishona ile suruali.

Nawasalimu wote wanaonikumbuka kwa wema, na wakianza kunikumbuka kwa ubaya usiwakataze. Tunza jicho lako. Kazi zisikuzidi, funga kibanda mapema angalau siku hizi mbili. Nilikuwa nimezoea kumaliza kwa kukuomba uniombee. Safari hii muombee Randa.

Ni mimi mdogo wako uliyemlea,

Chiriku